Ngoma ya Prosesa Mbili

Ngokolo, Shinyanga
Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Mume wangu amenipa daftari hili. Lina jalada gumu la bluu na karatasi zake zinanukia duka. "Andika, Paskazia," ameniambia, "ili tukizeeka tusibishane nani alisema nini." Mume wangu! Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu harusi na bado nikiliandika neno hilo nalisoma tena.

Tunaishi chumba na ukumbi nyuma ya duka la Champaben, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Krupa kwa jina la binti yake aliyeolewa Mwanza. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, kampuni ya utafiti wa madini imekipanga kiwe ofisi ya hesabu, na mwenye ofisi ni Thobias wangu peke yake. Kutoka kitandani mpaka mezani kwake ni hatua kumi na moja. Wanawake wengine waume zao wako migodini Mererani. Mimi wangu nikikohoa ananisikia.

Leo kompyuta mpya imefika kutoka Mwanza kwa Landrover. Thobias aliifungua boksi taratibu kama mtu anayemfunua bibi harusi shela. Akanionyesha ndani. "Hii ina prosesa mbili. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu. Kompyuta nyingi zina moja tu."

"Kwa hiyo hawa ni mapacha."

"Mapacha."

"Na nani anawagawia kazi wasigombane?"

"Kiini cha mfumo. Ni programu iliyo chini ya programu zote. Kinampa huyu zamu, kinamnyang'anya, kinampa yule, mara mia kwa sekunde."

"Kama mama anayepakua ugali kwenye nyumba ya watoto wengi," nikasema.

Akanitazama vilevile alivyonitazama pale altareni. Nikaenda kuunguza mboga.


Jumapili, 18 Oktoba

Bwana Eustace, meneja wake, alikuja baada ya misa, na tai shingoni katika joto hili. Nilimkaribisha soda akaketi kochini akaeleza mambo yote, nami nikiwa nimesimama mlangoni na sinia.

Ndege imepita juu ya ardhi ya Rwamgasa, huko Geita, ikipima sumaku ya mawe. Vipimo ni vingi kama mchanga. Kompyuta itavigeuza kuwa ramani, vipande mia tatu. Mtambo wa kuchoronga miamba unafika Rwamgasa tarehe 5 Desemba, kwa hiyo tarehe 4 jioni ramani iwe imekamilika.

"Na isipokamilika?" Thobias akauliza.

"Wakubwa wamesema wazi. Hesabu zote zitahamishiwa Johanesibagi. Na wewe utazifuata, mkataba wa miaka miwili." Akanywa soda. "Bila familia, Thobias. Mimi sipendi, lakini ndivyo ilivyoandikwa."

Miaka miwili! Nilishika sinia kwa mikono yote miwili.

Thobias anasema nisiogope. Umeme wa mgawo mtaa wetu unapewa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa saa hizo kumi, mashine inaweza kumaliza vipande kumi na viwili kwa siku. Mwezi mmoja tu. Tutakuwa tumemaliza kabla ya mvua.


Jumatatu, 19 Oktoba

Imeanza. Nimeivalisha kitambaa nilichofuma mwenyewe kwa wiki nzima, cheupe chenye ua la waridi katikati na shada zinazoning'inia mpaka nyuma. Thobias amekinyoosha pembe kwa vidole vyake virefu akasema sasa ofisi imekuwa ofisi.


Jumanne, 20 Oktoba

Mashine ilizima saa saba mchana. Vipande vitatu tu.


Jumatano, 21 Oktoba

Ilizima saa sita na nusu. Vitatu.


Jumamosi, 24 Oktoba

Joto. Mama Krupa anasema tangu aje Shinyanga akiwa bibi harusi, mwaka wa sitini na moja, hajaona Oktoba kama hii. Mwaka jana mvua ilitaka kutuzamisha, mwaka huu imegoma kabisa. Mashine inapanda joto, inajizima ili isiungue, inakataa kuwaka mpaka ipoe, na ikipoa umeme umekwenda. Vitatu.


Ijumaa, 30 Oktoba

Vitatu. Thobias haongei wakati wa kula. Usiku nilimsikia akigeuka. Niliona haya kwamba wiki mbili zilizopita nililia kwa sababu alisahau kusifia chapati.


Jumatatu, 2 Novemba

Ardhi ipasuke inimeze.

Mama Krupa aliingia ofisini kudai ufunguo wa stoo. Alisimama, mikono kiunoni, akaiangalia kompyuta.

"Beti," akaniambia, maana ananiita binti yake, "hii kitu inapumua wapi?"

"Inapumua, mama?"

"Friji yangu ya soda ina mgongo. Mgongo ukiziba, soda inachemka. Hii umeivalisha sweta."

Akainua shada za kitambaa changu. Nyuma yake palikuwa na matundu ya feni, yote yamefunikwa. Nikaweka mkono: hewa iliyotoka ilikuwa ya kuchoma, kama ya mdomo wa tanuri la mikate.

Thobias alikaa chini. Mtu aliyesoma kompyuta Dar es Salaam na mwaka mzima India! "Wiki mbili," alisema. "Nimekaa nacho wiki mbili. Nimekinyoosha kila asubuhi." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Kwao Sengerema redio ilivaa kitambaa, saa ya ukutani ilivaa kitambaa, hata jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga. Nyumba gani ya watu wenye heshima inaacha kitu cha thamani uchi? Wala hakukiona. Tungekionaje? Tungeshtuka kama kisingekuwepo.

Nilikwenda chumbani kulia. Alinifuata. "Usilie, mke wangu. Kosa ni la mafundi wa Ulaya waliosahau kwamba vitambaa vipo."

Vipande arobaini na viwili. Vingekuwa zaidi ya mia moja na sitini.


Jumanne, 3 Novemba

Bila kitambaa imefika mpaka saa tisa alasiri. Vipande saba! Nikapika pilau.


Jumanne, 10 Novemba

Tisini na vinne. Saba siku njema, sita siku mbaya. Kitambaa hakikuwa adui peke yake. Jua la saa nane likishakaa juu ya bati, hata mashine iliyo uchi inazimia.


Jumatano, 11 Novemba

Thobias amefungua mashine na kuhamisha vijipini fulani ili prosesa zipige nusu ya mwendo. Amenieleza: kila prosesa ina mapigo yake, mamilioni kwa sekunde, na kila pigo linaleta joto. Ukipunguza mapigo unapunguza joto.

Imefanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni bila kuzima hata mara moja. Nilimrukia shingoni.

Akanitua polepole. "Vipande vitano, Paska. Haizimi, lakini inatambaa. Tarehe 4 itakuwa na mia mbili na kumi na nne."

Ikikimbia inazimia, ikitembea inachelewa. Nilikaa nje kwenye kizingiti nikiwatazama watu wakipita na baiskeli. Kila mwanamume niliyemwona nilijiuliza anarudi kwake saa ngapi.


Alhamisi, 12 Novemba

Vitano.


Ijumaa, 13 Novemba

Vitano. Barua kutoka kwa baba, imeletwa na dereva wa lori. Mvua ya siku mbili imenyesha kwetu Mwakitolyo, kikundi chake cha wakulima kinalima shamba letu kesho, na mkwe mpya hajawahi kuonekana na jembe. "Aje, au nitadhani nimemwoza binti yangu kwa picha."


Jumapili, 15 Novemba

Nitaandika yote, hata kama chakula kitachelewa.

Tulimwachia Mama Krupa mashine, ikiwa inatambaa, tukaondoka Jumamosi kabla ya jua. Nilikuwa sijafika nyumbani tangu harusi. Gari lilipoacha barabara kuu na kuingia njia ya mchanga, nikanusa vumbi lililolowa na moshi wa mavi ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka minane tena.

Nilipokuwa na miaka minane, kikundi cha Bugobogobo cha baba kilikuwa na majembe arobaini. Hawalimi kimya hao. Baba, Mzee Bujiku mwenyewe, anasimama mbele ya shamba na ngoma zake, na majembe yanakwenda kwa mapigo yake. Yanapanda pamoja, yanazunguka hewani yakimeta, yanashuka pamoja, na ardhi inajibu: dhu! Sisi watoto tulibeba vibuyu vya maji na kusikia mlio ule kwenye nyayo kabla ya masikio. Ukienda shuleni ng'ambo ya mto ulijua ni shamba la nani linalimwa. Nilidhani dunia yote hulimwa hivyo, na kwamba baba yangu ndiye anayeipigia.

Jumamosi walikuwa kumi na mmoja. Wengine wamo mashimoni. Kutoka shambani kwetu unaona vifusi vya wachimbaji na winchi zao, na upepo ukija upande huu unasikia watu wakigombana kuhusu mawe. Nilihesabu wale kumi na mmoja mara mbili, nikidhani wengine wako kichakani.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia kwa Kisukuma nikapiga goti.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umenenepa. Mkwe anakula nini, kama wewe unakula vyote?"

Thobias akamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hili linaitwa jembe. Halina batani."

Kikundi kizima kikaangua kicheko. Thobias, masikini mpenzi wangu, alivua saa akanipa, akaingia kwenye mstari kati ya Donatus na Januari, wana wa baba mdogo, akalima. Alikuwa anachelewa pigo moja kila mara, kama mwangwi. Nilimpenda mpaka kifua kikauma.

Asubuhi ngoma ilikwenda kasi, majembe yakaruka. Saa nne jua lilipoanza kuuma, baba akaivuta ngoma ikawa nzito na ya polepole. Wingu likapita, shamba likapata kivuli; baada ya muda ngoma ikapanda tena. Wingu likaenda zake, akaishusha. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesimama, na kufikia saa sita nusu ya shamba ilikuwa imegeuka nyekundu.

Tulipokaa kula matobolwa ya viazi vitamu, Thobias hakugusa chakula. Viganja vilikuwa vimechubuka na macho yanawaka.

"Baba, unajuaje wakati wa kushusha? Unaangalia jua?"

"Jua linanihusu nini? Jua halishiki jembe. Naangalia shingo zao. Shingo ikimeta sana, nashusha. Ikikauka, napandisha."

"Kwa nini usipige mwendo mmoja wa kati tangu asubuhi, wote wakaumudu?"

Baba akamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe asiwe na miguu mitatu. "Nitupe ubaridi wa asubuhi? Nani ataurudisha?"

Thobias akanigeukia. "Paska, nimeipa mashine mwendo wa saa nane mchana, kisha nikailazimisha iutumie tangu saa mbili asubuhi."

Halafu jambo la pili. Januari alikuwa amemaliza tuta lake, akaruka kumsaidia Donatus katikati ya lake. Baba akasimamisha ngoma akamfokea mbele ya wote. "Rudi kwako! Ukihamia tuta la mwenzio unaanza kutafuta kina chake, unatafuta mstari wake, na yeye anakupisha. Mnapoteza nguvu za watu wawili!"

Thobias aliyasikia hayo akaanza kuandika kwenye mkono wake kwa kalamu yangu. Njiani kurudi alinieleza. Kila prosesa ina kumbukumbu yake ndogo ya karibu, ambamo huweka namba inazozifanyia kazi. Kiini chetu kinagawa zamu kwa haki, lakini hakijali nani alikuwa analima wapi. Kazi iliyoanza kwa pacha huyu kinaitupa kwa pacha yule, na yule inabidi akusanye namba upya. Mara kumi, mara ishirini, siku nzima.

"Kwa hiyo kila mmoja abaki na tuta lake," nikasema.

"Kila mmoja na tuta lake, na ngoma ifuate shingo. Kwenye ubao wa mashine kuna kipimajoto kidogo, na kuna njia ya kuubana mwendo wa prosesa bila kuhamisha vijipini. Kiini kinaweza kukisoma kipimajoto na kuubana. Ila hakuna aliyekifundisha."

"Utakifundisha wewe?"

"Programu ya kiini iko wazi, naweza kuisoma na kuibadilisha. Na siku zilizobaki ni kumi na tisa."

Nilisinzia begani kwake. Nilipokuwa msichana niliapa sitaolewa na mtu wa kijijini kwetu, niende mbali na ngoma ile iliyotuamsha kila msimu. Leo nimeifuata nyumbani nikailetea mume wangu.


Jumatano, 18 Novemba

Anaandika. Sisemi naye. Naweka chai, naondoa kikombe. Mashine inatambaa huku yeye akiandika kwenye kompyuta ya zamani.


Ijumaa, 20 Novemba

Asubuhi aliwasha kiini kipya. Mapacha kila mmoja alishika tuta lake, na tayari hapo alikuwa amepata nafuu kubwa: kipande kimoja kilikwenda haraka kuliko siku yoyote. Lakini jua lilipopanda, mambo yakaharibika. Alikuwa ameiambia: ukifika nyuzi sitini na mbili, bana mwendo, ukishuka chini ya hapo, achia. Ikabana, ikapoa kidogo, ikaachia, ikapanda, ikabana. Namba za mwendo kwenye kioo zilirukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Saa nane ikazima.

"Inafanya nilichoiambia," Thobias alisema. "Mpumbavu ni mimi." Akainamisha paji la uso mezani. Sijawahi kumwona hivyo. Kwa mara ya kwanza sikumwona kama yule mtu wa altareni aliyejua kila kitu. Niliona kijana aliyechoka, mwenye malengelenge ya jembe viganjani, anayeogopa kuondoka. Nikampenda zaidi yule.

Nikakaa kando yake. "Baba hakati wimbo katikati," nikasema.

"Nini?"

"Ulimwona wingu lilipopita? Hakupandisha ngoma palepale. Alimaliza wimbo kwanza. Tulipokuwa wadogo tulimsihi abadilishe upesi, tulipenda ile ya kasi, akatuambia akibadili kila dakika watu watakatana miguu. Na hapandishi kwa sababu jasho limepungua. Anangoja shingo ikauke kabisa."

Thobias aliinua kichwa polepole.

"Wimbo mmoja una urefu gani?"

Nikauimba, ule wa kupalilia mtama, wote, beti na kiitikio, naye ameshika saa. Mama Krupa akaja mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna ngoma leo na mbona hakualikwa. Dakika mbili na sekunde kumi.

Ameandika: kila mwendo ukichaguliwa, udumu wimbo mmoja. Bana kwenye sitini na mbili, lakini usiachie mpaka hamsini na tano. Na si kubana hadi nusu mara moja, bali kwa ngazi.

Vipande mia moja na arobaini na vinne. Siku kumi na nne.


Jumamosi, 21 Novemba

KUMI NA VIWILI!


Jumapili, 22 Novemba

Kumi na moja. Haikuzima. Asubuhi inaruka, mchana inaburuta, jioni inapanda tena. Nakaa naye nikifuma (shali la Mama Krupa, si kitu cha kufunika mashine) na nikitazama namba ya mwendo kwenye kioo naweza kukwambia jua liko wapi bila kuangalia nje.


Alhamisi, 26 Novemba

Mia mbili na kumi. Bado hakuna mvua hapa Ngokolo. Baba ametuma ujumbe kupitia dereva wa lori: mkwe amesahau kofia yake, mbuzi ameila, deni halipo.


Jumanne, 1 Desemba

Mia mbili na sitini na vinne.


Ijumaa, 4 Desemba

Asubuhi vilibaki kumi na viwili. Bwana Eustace alifika saa nne, akaketi, tai ileile.

"Thobias, nimeleta fomu za Johanesibagi. Nisingependa kuzitumia."

"Usizitoe kwenye mkoba, bosi."

Hakuzitoa, lakini mkoba aliuweka mapajani, na mimi nilipika, nikapakua, nikaosha vyombo nikiuona mkoba ule tu. Saa sita vilikuwa vimekamilika vitano. Saa nane joto likawa la kuua na mwendo ukashuka ngazi ya mwisho. Bwana Eustace akaanza kunong'ona, "Iongeze kidogo, Thobias. Kidogo tu. Si unaweza?"

"Naweza. Na itazima."

"Dakika kumi tu!"

"Wimbo haujaisha, bosi."

Bwana Eustace alinitazama akitafuta maelezo. Nikamwongezea chai.

Saa tisa na nusu vilibaki vitatu. Kisha chumba kikafifia. Nikatoka nje: wingu, wingu moja kubwa jeusi kutoka upande wa ziwa, lisilo na mvua, likalifunika jua. Nikarudi mbio. Joto lilishuka, sitini, hamsini na nane, hamsini na sita. Hamsini na tano. Na mashine, yenyewe, bila mtu kuigusa, ikapandisha mwendo ngazi moja, kisha baada ya dakika mbili nyingine, kisha nyingine, mpaka juu kabisa. Ilikuwa kama kumsikia baba.

Saa kumi na moja na dakika ishirini: mia tatu.

Thobias alininyanyua mbele ya meneja wake. Mama Krupa alileta jalebi. Bwana Eustace alilegeza tai, akapiga simu kutoka dukani, akazungumza muda mrefu, akarudi anatabasamu.

"Johanesibagi imefutwa. Wakubwa wamefurahi mno. Wanasema mashine inayoweza kufanya kazi kwenye joto la Ngokolo, itafanya kazi hata Rwamgasa. Hesabu zifanyike palepale kambini, mtambo usisubiri. Thobias, unaripoti tarehe 18."

"Na mke wangu?"

Tabasamu likapungua. "Kambini haruhusiwi kulala asiye mfanyakazi. Utakuja huku kila mwisho wa mwezi."

Nilikuwa na jalebi mdomoni. Nikaitema kiganjani.


Jumamosi, 5 Desemba

Tumeifundisha vizuri mno.


Jumanne, 8 Desemba

Thobias anataka kuacha kazi. Nimekataa. Mtu aliyefundisha kiini asiende kuuza betri za redio kwa ajili yangu. Tumegombana mara ya kwanza, kwa sauti za chini, kwa sababu ya Mama Krupa, ambaye asubuhi aliniambia, "Beti, mkigombana gombaneni kwa sauti, nimekosa nusu."

Nikamwuliza yeye alifanyaje, zamani, mumewe alipokuwa akikaa miezi Kahama akinunua pamba.

"Nilikaa hapa na kulinda viti," alisema. "Viti bado ninavyo."


Ijumaa, 11 Desemba

Nimemwuliza Bwana Eustace, kwa adabu zote, sheria inasemaje hasa.

"Asiye mfanyakazi haruhusiwi kulala ndani ya uzio."

"Na nje ya uzio, kaka?"

"Nje ya uzio ni kijiji, shemeji. Ni kijiji cha wachimbaji. Vumbi, kelele, maji ya kununua. Si mahali pa mtu kama wewe."

"Nimezaliwa Mwakitolyo," nikasema.


Alhamisi, 17 Desemba

Nimefunga vitu. Kitanda, masufuria manne, cherehani. Chumba kikiwa kitupu kinatoa mwangwi, na ukutani pamebaki alama nyeupe mahali picha ya harusi ilipokuwa. Miezi mitatu haijatimia na tayari nakumbuka Ngokolo kama mtu mzima anavyokumbuka utoto wake: harufu ya iliki kutoka jikoni kwa Mama Krupa, kengele za baiskeli, Thobias akipiga chafya ukuta wa pili. Nilimpa shali lake. Alisema rangi haimpendezi, akajifunga palepale, katika joto lile, na hakulivua.


Ijumaa, 18 Desemba

Mvua imetukuta kwenye lori, baada ya Kahama. Turubai linavuja. Thobias ameikumbatia mashine, mimi nimemkumbatia Thobias.


Jumapili, 20 Desemba
Rwamgasa

Chumba kimoja, ukuta wa udongo, bati jipya. Tangu alfajiri wanawake wanaponda mawe kwenye vinu vya chuma, kila mmoja na mwendo wake, hakuna anayewapigia. Mwenye nyumba, Mama Mageni, ameniuliza mume wangu anachimba shimo gani. Nimemwambia hachimbi, anapiga ngoma. Amenionea huruma akanipa mchicha.

Kutoka mlangoni naona uzio wa kambi.


Jumatano, 23 Desemba

Thobias alikuja kula saa saba. Akarudi kazini saa nane. Saa kumi na mbili na robo alikuja tena, akavua viatu mlangoni.